Hodi ya Tatu

Mwatum alikuwa na sauti. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Mtoni angekuambia juu yake, kabla hata hajakwambia ni mke wa nani au anakaa nyumba ipi. Akimwita mwanawe aliyeko mpirani, watoto wa mitaa miwili husimama. Kwa miaka mingi alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini, na wagonjwa walimpenda kwa kuwa hakuwa na kinyaa wala hakujua kununa. Alikuwa akimgeuza mzee wa watu kitandani huku anamtania, mzee akacheka hata akasahau kwamba ameroweka shuka.

Kwa hiyo mwaka 1996, ilipofunguliwa ofisi ya utafiti huko Mbweni na wakatafutwa watu wa kupita nyumba kwa nyumba kupima afya za wazee, jina lake lilitajwa na zaidi ya mtu mmoja. Wenziwe waliochaguliwa walikuwa vijana waliotoka skuli juzi, hodari wa kuandika, lakini wakiona haya kumuuliza bibi wa watu kama anakwenda chooni peke yake. Mwatum hakuona haya. Aliuliza kwa namna ambayo bibi mwenyewe alicheka, akajibu, kisha akaongeza na yale asiyoulizwa.

Kazi yenyewe haikuwa na miujiza. Nyumba zilichaguliwa ofisini kwa bahati nasibu, za mjini na za shamba, kutoka Mji Mkongwe mpaka Bwejuu. Aliyepita miaka sitini alipimwa presha na uzito, akabana kidude cha chuma ili ijulikane nguvu za mkono wake, akaambiwa ainuke kitini bila ya kushika kitu. Kisha akaulizwa kama anaona, anasikia, anaoga mwenyewe, na kama ameanguka karibuni. Wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, basi wachunguzi walifundishwa kuwauliza walikuwa na ukubwa gani siku za jubilii ya Sultani Sayyid Khalifa, au kama vita vya Hitla viliwakuta wameshaolewa. Hapo ndipo Mwatum alipokuwa akichelewa, maana bibi akishaanza kusimulia harusi yake hakuna wa kumkatisha. Aliyeonekana ana presha alipewa dawa palepale na siku ya kwenda kuonana na daktari, na Mwatum aliipenda kazi ile kwa ajili hiyo hasa. Hakupenda kumpima mtu kisha amwache alivyo.

Mkuu wa utafiti alikuwa Daktari Haitham, mtoto wa mjini aliyesoma ng'ambo akarudi na miwani na upole mwingi. Siku ya mafunzo aliwaambia hataki wawe wageni wabaya. Wapige hodi mara tatu, kama tulivyolelewa sote. Asiyejibiwa aondoke, arudi siku nyingine apige tena tatu. Akikosa jibu mara hiyo pia, basi achukue nyumba ya jirani badala yake. Hapana aliyeinua mkono kuuliza. Nani Unguja angepinga hodi tatu? Mtu anayebisha ya nne huyo kakusudia kuvunja mlango.

Katika nyumba alizopewa Mwatum, moja ilikuwa Kiponda, na nyumba ile aliijua tangu hajaota meno ya ukubwani.

Zamani, kabla ya mapinduzi, mama yake Mwatum, Bi Mwanakheir, alikuwa akifua nguo za nyumba ile. Wakija pamoja kutoka Ng'ambo, mama akapanda na bunda lake na mtoto akaambiwa akae pale chini, penye kidato cha kwanza. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Ilikuwa tu watoto kama yeye hawapandi, na mama yake hakuona haja ya kueleza. Lakini kila mara, mtoto akishaanza kuchoka, dirisha la juu hufunguka na kikapu cha ukili kikashuka kwa kamba mpaka usawa wa uso wake, na ndani yake mna visheti, au kipande cha mkate wa kumimina kingali moto. Akitazama juu, alichokiona ni mkono uliojaa bangili. Ulikuwa mkono wa Bi Tamima, bibi wa nyumba, aliyekuwa mwari aliyeolewa si zamani. Mwatum akila kila kilichomo na kulamba vidole. Na hata vidole havijakauka akajiuliza kwa nini kitamu kiweze kushuka na yeye asiweze kupanda.

Miaka ikapita na mambo yakapinduka. Mashamba ya kina Bi Tamima yakenda, ndugu wakatawanyika Muskati na Dubai, mume akafa. Chini ya nyumba pakawa ghala la mfanyabiashara wa majora ya vitambaa, lenye kufuli nje mara nyingi kuliko lilivyo wazi. Pembeni ukabaki mlango mwembamba wa ngazi, na juu kabisa akabaki Bi Tamima. Ammar, mtoto wa ndugu yake, alifanya kazi bandarini na kumpelekea chakula asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake.

Mwatum alifika pale Ramadhani, alasiri, katika lile joto la kaskazi linalokausha mate hata kwa asiyefunga. Siku nzima alikuwa akipanda na kushuka ngazi za watu. Magoti yalikuwa yakimuuma, na nyumbani kulikuwa na muhogo ambao haujamenywa na watu wanaosubiri futari. Alisimama mbele ya ule mlango mwembamba akapiga hodi, kwa sauti yake ile ile ya Mtoni. Akangoja. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Kimya. Akaushika mkoba wake akaanza kwenda.

Penye pembe ya uchochoro aligeuka nyuma, kwa mazoea tu. Dirisha la juu lilikuwa limefunguka kiasi cha kupitisha mkono, na kikapu kilikuwa kinatoka. Kilishuka kidogo kikasimama. Kikashuka tena kidogo, kikatikisika, kikasimama.

Mwatum alikiona. Afadhali lisemwe hapa mapema, maana mwenyewe alichelewa sana kulisema. Alikiona na alijua kina nini ndani. Kwenye nyumba za ghorofa mtu asiyeweza kushuka humteremshia mgeni ufunguo, na hilo hakuna asiyelijua. Lakini alijiambia kwamba kikapu kile ni cha muuza mikate. Uchochoroni hamkuwa na muuza mikate, wala hata paka. Na chini ya neno hilo lilikuwapo jingine, dogo na la zamani, lenye uchungu wa mtoto. Lilisema: siku zile mbona sikupandishwa, nipande leo na swaumu yangu? Halikukaa hata kufumba na kufumbua. Akazunguka pembe, akaenda kumenya muhogo wake.

Siku ya kurudi alirudi, kwani sharti ni sharti. Lakini mtu anaweza kupiga hodi kwa namna mbili. Iko hodi ya kutaka kujibiwa na iko ya kutaka kuondoka. Siku ile Mwatum alizipiga zote tatu kwa pumzi moja, na ile sauti ya kusimamisha watoto wa mitaa miwili isingemshtua hata njiwa aliyekuwa kizingitini. Hakungoja na hakugeuka nyuma. Akahamia nyumba ya pili, kwa Mzee Pandu.

Mzee Pandu alikuwa mchukuzi mstaafu wa bandarini, mwenye mabega ya mlango. Alikiminya kile kidude mpaka mshale ukagota mwisho, akauliza kama hawana kikubwa zaidi, hiki cha watoto. Aliinuka kitini bila ya kushika kitu, akakaa, akainuka tena kwa kujionyesha. Presha yake ilikuwa ya kijana. Mwatum alicheka naye, akamwandika, na akapata kufika nyumbani mapema.

Mwaka ule ulipokuwa ukingoni, wachunguzi wote waliitwa Mbweni kusikiliza matokeo. Palikuwa na sambusa na soda, na Daktari Haitham alivaa shati jipya. Alieleza kwamba wazee wa shamba wana taabu nyingi, macho, magoti, presha zisizotibiwa. Ila wazee wa Mji Mkongwe, alisema huku anatabasamu, wametushangaza. Ni wazima, mikono ina nguvu, na waliopooza ni wa kutafutwa kwa taa. Basi wale wauguzi wa kutembelea majumbani, ambao serikali na wafadhili wamekubali kuwalipa, watapelekwa shamba kwanza. Mji unaweza kungoja.

Kisha akasifu eneo la Bi Mwatum, kwamba ndilo lililotoa wazee wenye nguvu kuliko wote. Shemsa, mmoja katika wale vijana, akamgusa begani akamuuliza wazee wake anawalisha nini. Watu wakacheka, na Mwatum akacheka pamoja nao, mdomo umejaa sambusa. Kisha akaiweka sambusa iliyobaki sahanini. Alimkumbuka Mzee Pandu na mabega yake, na akakumbuka Mzee Pandu amekaa badala ya nani. Akiangalia wenziwe waliokuwa wakipiga makofi, akawaza kwamba kila mmoja wao alikuwa na milango yake iliyonyamaza, ghorofani, na wote waliiacha kwa adabu. Waliopimwa ni wale walioweza kuitika. Aliyeshindwa kuitika alihesabiwa hayupo.

Kesho yake alikwenda Kiponda bila ya kutumwa na mtu. Akapiga hodi ile ya Mtoni. Akangoja, akapiga tena, akangoja, akapiga ya tatu, kisha akasimama pale pale penye kidato cha kwanza alipokuwa akikaa utotoni. Watu walipita wakamsalimu, wengine wakamwambia hapo juu hapana mtu wa kushuka. Akasema anajua. Baada ya muda mrefu dirisha lilifunguka. Kikapu kilitoka na kuanza kushuka, kidogo kidogo, kikisimama, hata Mwatum akahisi shingo inamuuma kwa kutazama juu. Hapo ndipo alipojua mtu aliyekuwa juu alikuwa akifanya kazi kubwa kiasi gani. Ndani mlikuwa na ufunguo uliofungwa kwenye kitambaa.

Akapanda. Ngazi za nyumba zile ni za kupandia mbuzi, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuzipanda.

Bi Tamima alikuwa amelala kwenye kitanda cha besera kilichosogezwa mpaka dirishani. Mkono wa kulia ulikuwa juu ya kifua, umekunjika. Kamba alikuwa ameifunga kwenye nguzo ya kitanda na kuilegeza kwa mkono wa kushoto, na pale ulipochoka alikuwa akiishika kwa meno. Bangili hazikuwapo tena. Mwatum alisema shikamoo, na ile marahaba ilitoka kama mtu anayenong'oneza siri, maneno yakipitia upande mmoja wa mdomo. Chumbani mlikuwa na harufu ambayo mhudumu wa wodi haijui kwa kuambiwa. Akaomba ruhusa, akamfunua, akakiona kidonda cha kulalia mgongoni, kimekula. Alitafuta maji na kitambaa safi, akaanza kazi aliyoijua.

Alipompima presha ilikuwa ya kutisha. Baadaye jioni Ammar alikuja na bakuli la wali, akashangaa kumkuta mtu, akakaa kwenye kizingiti akaeleza. Shangazi alianza kwa kupotewa na sauti na miguu kuwa mizito, kabla ya Ramadhani ile. Wao wakadhani ni upepo mbaya, wakamsomea na kumnywesha kombe la aya zilizooshwa kwa maji. Baada ya sikukuu, katikati ya mfungo mosi, ndipo akaamka upande mmoja umekufa. Ammar alisema maneno hayo kwa aibu, kijana aliyechoka, mwenye vidole vilivyopasuka kwa kazi, akijiona yeye ndiye mkosa. Alisema laiti angelijua kama ni presha.

Mwatum akawa anapiga hesabu ambayo hakutaka kuipiga. Ramadhani alikuwa hapa chini, na mkobani mwake mna mashine ya presha na pakiti za dawa. Ile sauti iliyopotea ilikuwa kiharusi cha kwanza, na cha pili kilikuja baada ya Idi. Dawa huenda ingekizuia, huenda isingekizuia. Ile huenda ndiyo iliyomganda. Lau angekuwa na hakika kwamba amemdhuru, angelia machozi yakaisha. Lau angekuwa na hakika kwamba hakumdhuru, angelala. Sasa hakupata hili wala lile.

Kabla hajaondoka, Bi Tamima alimwita kwa kidole. Mwatum akaitika labeka, akainama karibu na mdomo wake.

"Mara ile ya Ramadhani nlikuchelewesha, mwanangu," Bi Tamima alisema. "Mkono ulikuwa mzito. Kikapu hakikuwahi. Unisamehe."

Mwatum alisema hapana, Bi, usiseme hivyo. Alishuka zile ngazi akishika ukuta, na alipofika uchochoroni alikaa kwenye baraza ya Mzee Pandu hata mzee akamuuliza kama anaumwa.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Daktari Haitham. Alikuwa amejiandaa aseme yote. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Lakini alipokaa mbele ya ile miwani, alisema nusu. Alieleza kwamba nyumba ya Kiponda ilikuwa na mgonjwa asiyeweza kupaza sauti, na kwamba huenda ziko nyingine kama hizo katika zile walizobadilisha. Kuhusu kikapu hakusema. Daktari aliweka kalamu chini, akavua miwani, akajifuta uso. Mwatum alitamani agombezwe. Badala yake daktari alijilaumu mwenyewe.

"Kosa ni langu, Bi Mwatum," alisema. "Sharti nliweka mimi. Wewe ulifanya kama nlivyokwambia."

Akaahidi kwamba duru ya pili hakuna nyumba itakayobadilishwa mpaka mtu apande mpaka juu ajionee. Na aliitimiza ahadi yake, lazima asifiwe kwa hilo. Ila wauguzi walikwisha pangiwa vituo, Makunduchi na kwengineko, na mji ulibidi ungoje mwaka mwingine. Alimshukuru Mwatum kwa uaminifu wake. Neno hilo, uaminifu, Mwatum alitoka nalo mpaka njiani. Ajabu yake ni kwamba kila alikokwenda na kosa lake, watu walikuwa wakimpokonya. Ammar kachukua kipande, daktari kachukua kipande, na hata aliyedhulumiwa naye kaomba msamaha. Yeye mwenye mali alirudi nyumbani mikono mitupu, na uzito uko pale pale.

Basi akaanza kwenda mwenyewe. Kila akimaliza kazi, kabla ya kurudi Mtoni, alipita Kiponda. Alimsafisha Bi Tamima, akamgeuza, akamtia dawa kidonda, akamnywesha za presha alizoandikiwa na daktari, akamlisha uji. Alimfundisha Ammar na mkewe namna ya kumgeuza ili ngozi isioze. Kidonda kikaanza kuziba pole pole. Presha ikashuka. Upande uliokufa haukufufuka, lakini maneno ya Bi Tamima yakawa yanaeleweka zaidi.

Hapo ndipo taabu mpya ilipomwanzia Mwatum. Bi Tamima alipoweza kusema, aliyekuwa akisemwa ni yeye. Kila mwanamke aliyepanda kumjulia hali alisimuliwa, kwa ile sauti ya kunong'ona, kwamba huyu ndiye aliyerudi. Alikuja akabisha, mimi nkachelewa, wala hakunisusa. Angekuwa mwengine angeshasahau. Wanawake wakamtazama Mwatum kwa macho ya heshima, wakamwambia wewe mtu wa peponi, wakamletea kanga, wakamwombea watoto wake. Sifa zikavuka mpaka Mtoni. Mumewe, Abrahman, ambaye hapo mwanzo alinung'unika kwamba chakula cha jioni kinachelewa, sasa akawaambia wenziwe msikitini habari za mkewe kwa majivuno. Mwatum alikuwa akisikia, akainama kwenye sufuria.

Alipokuwa akisafisha kidonda aliweza kujivumilia. Kidonda hakimsifu mtu. Ila zilipoanza sifa alitaka kukimbia, na mara kadhaa alimjibu mtu kwa ukali hata akaonekana mnyenyekevu zaidi. Akaacha kutania. Shemsa aliyaona hayo ofisini, akamuuliza zile kelele zake kaziweka wapi, Mwatum akamwambia koo linamuwasha.

Wakati wa masika, alasiri moja ya mvua, alikuwa peke yake na Bi Tamima. Maji yalikuwa yakivuja pembeni na alikwisha tega beseni. Jirani mmoja ndiyo kwanza aondoke, baada ya kumwambia kwamba watu kama yeye wamekwisha. Mwatum alifunga mlango nyuma yake, akarudi kitandani, akakaa chini sakafuni, kwenye mkeka. Akatazama miguu yake.

"Bi," alisema, "mara ile nlikiona kikapu."

Bi Tamima hakushtuka. Alikuwa akitazama dirishani, kule alikokuwa akitazama siku zote.

"Nnajua," alisema.

Mwatum akainua uso. Bi Tamima akaelekeza kidevu nje, kwenye uchochoro unaoonekana wote toka hapo juu, mpaka kwenye pembe.

"Nlikuona ulivyogeuka. Ukakitazama. Nkasema alhamdulillahi, kaona. Kisha ukenda zako."

Mvua ilikuwa ikipiga kwenye mabati ya paa la jirani. Mwatum alikuwa ameshika pindo la shuka bila ya kujua kwamba amelishika. Alitafuta neno la kujitetea, swaumu, magoti, futari, kidato cha kwanza na visheti, na kila moja alilolishika lilikuwa dogo mno mbele ya mtu aliyeshikilia kamba kwa meno. Machozi yakamtoka. Aliuliza jambo moja tu.

"Sasa kwa nini uliniomba mimi msamaha?"

Bi Tamima aligeuza macho kumtazama. Hayakuwa na hasira, na laiti yangekuwa nayo. Yalikuwa macho ya mtu aliyelala miezi mingi akisubiri nyayo kwenye ngazi, na kwa hivyo alikwisha yafikiri hayo zamani.

"Ningekulaumu," alisema polepole, "ungerudi kesho yake?"

Mwatum alifungua mdomo aseme naam, ningerudi. Akajitafuta kwa haki, mahali pote, kama mtu anayetafuta ufunguo. Akajiona siku ile, amesimama pale mlangoni na harufu ile, na bibi wa nyumba kubwa anamshutumu, na lile neno dogo la zamani linanyanyuka tena. Angeshuka. Angesema amekwisha fanya lake, na angepata sababu. Ile naam haikutoka.

Bi Tamima hakuingoja. Alikuwa ameshazoea kutongoja majibu ambayo huenda yakamkosesha mtu wa kumwosha. Wagonjwa wa namna yake hujifunza mapema nani wa kukasirikiwa na nani wa kubembelezwa, na hilo halikuwamo katika maswali ya utafiti.

"Basi nigeuze," alisema. "Ubavu unaniuma."

Mwatum alinyanyuka, akajifuta uso kwa mtandio. Akaweka mkono mmoja chini ya bega na mmoja chini ya nyonga, kama alivyofanya kwa mamia ya watu maishani mwake, akamgeuza taratibu mpaka uso ukaelekea dirishani. Safari hii hakumtania.